Makumbi ya Tumu

Diepsloot, Johannesburg
14 Machi 2016

Mke wangu Tumu,

Salamu utazipata mwisho wa barua, nikikumbuka. Mwalimu wetu alitufundisha kuanza na salamu nyingi, lakini mie nilitoroka darasa la tano kabla hajatufundisha mtu akimaliza salamu aendelee na nini.

Barua yako Mwanaharusi kanifikishia. Maskini kashuka kwenye basi miguu imemvimba kama mihogo ya Makunduchi, hata mizigo yake ya biashara hajaihesabu, akanambia, "Shika. Mkeo kasema uisome mbele yangu nikutazame uso." Nikaisoma mbele yake. Ulitaka aone nini? Kaona mzee wa meno manane anacheka.

Nimeelewa. Simu huitaki tena. Unasema kwenye simu nacheka mpaka salio linakwisha na swali lako linabaki hewani, na kwenye karatasi siwezi kukata. Na swali lenyewe umeliandika kwa herufi kubwa kama bango la kinyozi: UNARUDI AU HURUDI? Miaka ishirini sasa tangu nikuache hapo Jambiani nikikwambia nakwenda miaka miwili.

Jibu: narudi. Tatizo ni udongo.

Usiichane karatasi, ngoja kwanza. Hapa kwetu hatulimi, tunaotesha miche. Kabichi, nyanya, spinachi, saladi. Tunasia mbegu kwenye treyi zenye vishimo mia mbili, mche ukifika vidole vinne wakulima wanakuja kuuchukua kwa malori. Na miche hii ya kizungu haikai kwenye udongo wowote. Inataka piti. Piti ni udongo mweusi unaochimbwa kwenye mabwawa, mwepesi kama mkate wa mayai, unakunywa maji kama ngamia, hauna jiwe wala gugu.

Sasa serikali imewazuia wachimbaji. Walikuja watu wa mazingira, wamevaa mabuti masafi, wakatueleza kwamba mabwawa yale ndiyo yanayoweka maji ya mito, na kwamba piti inajijenga unene wa ukucha mmoja kwa mwaka. Ukichimba vimo viwili vya mtu umefika kwa Firauni. Nikapiga hesabu yangu kimyakimya: tangu nikuache, bwawa limepanda kidole kimoja na kidogo. Kwa bwawa, Tumu, mie nimetoka jana.

Basi piti sasa inatoka Ulaya kwa meli, na ikifika Durban kila mwenye miche anaigombania. Madamu kajaribu magome ya misonobari, miche ikageuka manjano kama ina homa. Madamu ndiye bosi. Usikunje uso, ana miaka sabini na miwili na mbwa watatu. Na mie ndiye mkubwa wa miche hapa, mkono huu ukiondoka hapaoti kitu. Nitamwachaje wakati huu? Udongo ukipatikana tu, kesho yake niko kwenye basi.

Salamu, nimekumbuka. Juzi mvua ilipiga bati la kibanda changu, nikakuita jina kabla sijakumbuka niko wapi. Jeannine, Mkongo jirani yangu ninayefanya naye kazi, alikuwa nje anaanua nguo, akaitika yeye. Tulicheka sana. Yeye alicheka zaidi kuliko mie.

Wako asiyekata,
Shehe Makame


Jambiani
2 Mei 2016

Mume wangu Shehe,

Waalaikum salaam, ingawa hukunisalimu.

Barua nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nikakaa kitako. Nimelichukua jibu lako kama ulivyoliandika. Kinachokuzuia si mwanamke, si maradhi, si jela. Ni udongo.

Basi udongo ninao.

Umesahau kazi yetu wanawake? Makumbi ya nazi tunayafukia kwenye tope la pwani, maji yakitoka, tunayawekea mawe juu, yanakaa humo nusu mwaka na zaidi. Yakishalainika tunayafukua, tunayaponda, tunapata usumba wa kusokotea kamba. Katika kuponda huko unadondoka unga. Huo tunautupa. Tangu bibi yangu tunautupa. Juzi niliposoma habari za piti yako niliuchota mkononi nikautazama kama ndiyo kwanza nauona. Ni wa kahawia, mwepesi, hauna jiwe wala gugu. Nimeutia maji kopo zima, umeyanywa na haujarudisha tone. Na hakuna serikali inayoukataza.

Nimewaambia wenzangu wasitupe tena. Mwanaharusi kasema safari yake ijayo atachukua magunia matatu. Amenguruma, lakini atachukua.

Jambo la pili. Duni mwashi, yule aliyefiwa na mkewe, kamuuliza kaka yangu Twalib kama mie bado ni mke wa mtu. Twalib alimwambia asubiri. Akaja kuniuliza mie, na mie nikachelewa kujibu. Nimeona ulisikie kwangu.

Mtoto hatukujaaliwa, Shehe. Anayekusubiri hapa ni mmoja tu. Siku nikichoka nitakwenda kwa kadhi. Lakini sitakwenda kwa siri, nitakwambia kwanza.

Mkeo,
Tumu


Diepsloot
20 Novemba 2016

Tumu wangu,

Duni! Duni yupi, huyu aliyejenga ukuta wa banda la mbuzi, mbuzi wakaegemea ukaanguka? Mwambie Twalib ajibu hivi: ni mke wa mtu, na mtu mwenyewe ana hasira na safari ni fupi.

Magunia yamefika. Mwanaharusi hasemi na mie. Anasema kila mpaka aliwekwa pembeni. Ofisa mmoja kanusa unga akidhani ni ugoro, akapiga chafya, akawaita wenzake nao wapige chafya. Wa mwisho akamuuliza, "Mama, hii ni nini?" Akajibu, "Ni uchafu wa nazi, napelekea mume wa mtu." Wakamwachia. Nadhani walimwonea huruma.

Nilifungua gunia la kwanza peke yangu, nyuma ya banda la treyi. Sikwambii nilifanya nini. Nakwambia tu kwamba Jambiani ilitoka humo nzimanzima, maji yametoka, jua la saa nne, nyinyi mmeinama. Nilikaa hapo mpaka Jeannine akaja kuuliza kama naumwa.

Kisha nikampelekea Madamu. Akauminya, akautia maji, akauinua mkononi kama anaupima na moyo wake. Akaniuliza kama umeoshwa. Nikacheka! Nani anaosha udongo, Madamu? Hata yeye akacheka. Akasema tuujaze kwenye treyi mia moja na hamsini, kuna mkulima wa upande wa Midrand anasubiri kabichi na hana pengine pa kwenda, kila mwenye miche hapa analia piti.

Kwa hiyo wiki hii nzima tunasia mbegu kwenye mikono yako, ndivyo ninavyoona mie. Jeannine anatia mbegu moja moja, mie namwagilia. Nikimaliza treyi naigonga kidogo kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi. Jeannine anasema nimerukwa na akili.

Mume wako, si Duni,
Shehe


Jambiani
28 Januari 2017

Mume wangu,

Alhamdulillahi kwa magunia. Nimewasomea wenzangu ule mkasa wa yule ofisa na chafya zake, wakaanguka kwenye tope kwa kicheko. Sasa tuko wanawake saba tunaoweka unga badala ya kuutupa. Wanajisifu njiani kwamba makumbi yao yanaotesha kabichi Sauzi. Bi Masika kasema akifa aandikiwe hivyo.

Lakini nina neno. Uliandika udongo ukipatikana tu, kesho yake uko kwenye basi. Udongo umepatikana Novemba. Sasa ni Januari inakwisha.

Nimepaka chokaa chumba. Kitanda nimekisogeza dirishani kwa sababu wewe ukisikia joto hulali, unaanza kuzungumza. Sijui kama bado uko hivyo. Mambo kama haya ndiyo ninayotaka kuyajua, kama bado uko hivyo.

Magunia mengine manne yako tayari. Nambie siku.

Tumu


Diepsloot
9 Aprili 2017

Mke wangu mpenzi,

Samahani kwa kimya. Kazi, Tumu, kazi! Unga wako umefanya maajabu. Zile kabichi zimetoka na majani mapana kama masikio ya ndovu. Yule mkulima alipokuja kuzichukua alivua kofia. Madamu kanisifu mbele ya watu wote, na mbwa wake mmoja, yule mkali, siku hizi ananilamba mkono.

Na ndiyo taabu yenyewe. Sasa mie ndiye ninayependwa, siachiwi. Madamu ananiambia, Shehe, ukiondoka nani atajua siri ya huu udongo? Nami namwangalia mzee wa watu, mjane, namwonea imani. Basi ngoja kidogo msimu huu upite.

Magunia manne hayo usiyalete kwanza. Pumzisha mikono. Wala usiwaambie wenzako kitu, waache wajisifu, hasa Bi Masika. Hapa bado ninao wa kutosha, gunia moja nimeliweka kwa kazi maalumu.

Kuhusu kuzungumza wakati wa joto: bado niko hivyo. Ila hapa nazungumza na bati.

Shehe wako


Diepsloot
11 Juni 2017

Mama Tumu,

Jambo sana. Hunijui. Mi ni Jeannine, mwanamuke wa Bukavu, jirani ya papa Shehe. Kiswahili yangu ni ya kwetu, utanisamehe, lakini nafikiri utasikia. Adresi yako nimeomba kwa mama Mwanaharusi. Papa hajue kama naandika.

Mama, ile kabichi ilikufa. Yote. Treyi mia moja na hamsini. Ilitoka muzuri, kisha majani ikaanza kuungua pembeni sawa karatasi, kisha juu ya udongo ikatoka kitu nyeupe. Madamu alileta ile machine yake kidogo ya kupima chumvi, akaitia kwa maji ya treyi. Akaangalia, akaangalia tena. Akasema, hii ni bahari.

Papa Shehe akasimama mbele ya watu wote akasema ni yeye alikosea, alimwaga mbolea mingi, udongo wa bibi yake, ndiyo wewe, haina makosa. Madamu si mujinga. Akaenda kutia machine ndani ya gunia yenyewe. Papa alikuwa anashika gunia na mikono miwili, hataki Madamu aiguse. Mi nilitazama pembeni.

Yule mukulima alikasirika, hakurudi tena. Papa wakamufukuza mwezi wa kwanza. Na kitu ingine, mama, pardon, yeye hakuwa mukubwa wa miche. Miaka kumi na moja alikuwa anaosha treyi na kumwagilia. Alikuwa anaosha muzuri sana.

Sasa anafagia kwa spaza, duka kidogo ya Mtanzania mumoja hapa kwetu. Gunia moja alibakia nayo. Anaifanya muto wa kulalia. Nilimwambia papa, hii kitu itakukwaruza uso. Alisema iko laini.

Naandika juu ya hii: mi pia niliacha mutu Bukavu. Yeye hakuniuliza kama nitarudi. Wewe unauliza.

Jeannine


Jambiani
19 Agosti 2017

Shehe,

Jeannine kaniandikia. Usimgombeze. Ungeniandikia kweli tangu mwanzo nisingekuwa nasoma habari zako kwa mtu nisiyemjua.

Nilicheka kwanza. Kweli nilicheka. Mie niliyekaa miaka arobaini na maji ya chumvi magotini nikifukia makumbi, sikukumbuka kwamba bahari ina chumvi. Uliponiandikia kwamba Madamu kauliza kama udongo umeoshwa, nilicheka na mie, nikasema mzungu kawa mtoto. Na wewe uliyezaliwa hapa hukukumbuka. Tumesahau wawili, kwa pamoja, kama watu wanaoishi nyumba moja. Hiyo ningeipokea kama zawadi.

Kumbe dawa yake ilikuwa ndogo. Unga unaoshwa kwa maji ya mvua, unakamuliwa, unaoshwa tena, mpaka ukiutia ulimini husikii kitu. Ungeniuliza ningekwambia siku hiyohiyo.

Lakini hukuniuliza. Kabichi zilipokufa tulikuwa wawili, na wewe ukaamua uwe peke yako. Ukaniandikia masikio ya ndovu. Mie nikawasomea wanawake saba, wakapiga vigelegele. Bi Masika alikufa mwezi wa Mei akiamini.

Umenifukuza kwenye msiba wangu mwenyewe, Shehe. Kuliko miaka yote uliyokaa huko, hilo ndilo lililoniuma.

Sasa usinambie habari ya udongo. Nambie wewe unazuiwa na nini. Nakusubiri mpaka Ramadhani ijayo. Baada ya hapo nakwenda kwa kadhi.

Tumu


Diepsloot
30 Desemba 2017

Tumu,

Barua hii nimeianza mara sita. Tano zilikuwa za kuchekesha, nimezichana. Hii ya sita sijui ni ya nini.

Kwanza nimeuosha ule mto wangu wa unga. Hapa maji tunapanga foleni kwenye bomba moja, watu wakaniona nakamua udongo ndoo kwa ndoo, siku tatu, wakaanza kuniita profesa. Nilitia ulimini kila mara kama ulivyosema. Siku ya tatu sikusikia kitu. Sikufurahi. Nilijua nimeitoa Jambiani yote mle ndani.

Nikapanda spinachi kwenye makopo. Imeota. Haina masikio ya ndovu, ni spinachi tu, ya kijani, imesimama. Nikalibeba kopo moja mpaka kwa Madamu, nikasimama getini na mbwa wote watatu wananikumbuka. Alitoka. Akalitazama kopo, akanishika bega, akanichukua mpaka kwenye ghala.

Limejaa, Tumu. Matofali makavu yamepangwa mpaka juu. Unatia tofali moja kwenye karai la maji, linavimba, linajaa karai. Makumbi! Makumbi ya nazi za watu wa Asia, yameoshwa huko huko kwao na mashine. Piti hawaigombanii tena kama zamani, mabwawa yamepona, kila mtu mwenye miche ananunua matofali. Udongo umepatikana. Si wangu wala si wako, na hapana mtu aliyeningoja mie ili aupate.

Sasa jibu lako.

Mie sikuwahi kuwa mkubwa wa kitu chochote hapa. Mwaka wa kwanza nilifikiri nitarudi na gari. Mwaka wa nne nikasema basi nirudi na mabati. Mwaka wa kumi nikasema nirudi na suti. Kila kitu kilivyopungua ndivyo aibu ilivyokua, mpaka nikawa sina cha kurudi nacho ila mie mwenyewe, na huyo ndiye niliyeona si wa kuonyesha watu. Karatasi zangu za hapa zimekufa tangu zamani, nikitoka sirudi tena, na mtu asiye na pa kurudi akikataliwa nyumbani anakwenda wapi?

Nilikuogopa wewe. Si ukali wako, huo naujua. Niliogopa ufungue mlango uone mzee, uangalie nyuma yangu kumtafuta yule uliyemuaga.

Ndiyo nikakwambia udongo. Nawe ukaamini, ukaenda kuuchimba. Hapana mtu aliyewahi kunifanyia jambo kama hilo, na mie nikalifanya utani.

Narudi kabla ya Ramadhani.

Shehe


Jambiani
4 Agosti 2018

Kwa Shehe Makame,

Ramadhani imekuja imekwenda. Idi nilikaa nje tangu asubuhi, nimevaa.

Barua yako ya Desemba ndiyo barua ya kwanza uliyoniandikia maishani. Nimeiweka mbali na nyingine. Kwa ajili yake nilingoja na Mfungo Mosi wote, siku ambazo sikukuahidi.

Jana nimekwenda kwa kadhi, na Twalib. Kadhi kaniuliza nina ushahidi gani kwamba mume hayupo. Nikampa barua zako. Akazisoma zote, ile moja tu sikumpa. Nilimwona kacheka mara mbili. Kisha akafuta miwani yake, akaandika.

Ndoa imevunjwa. Eda yangu inaisha Novemba. Nilikuahidi kwamba sitakwenda kwa siri, basi nakwambia.

Hunikosei tena kwa kutorudi. Ule vizuri.

Tumu


Jambiani, barazani kwa dada yangu
17 Februari 2019

Kwa Bwana Twalib,
Shemeji yangu wa zamani,

YAHUSU: POSA

Kwa heshima na taadhima, mie Shehe bin Makame, umri miaka sitini na minane, meno sita, naleta posa ya dada yako Tumu, mtalaka wangu. Barua ya posa huletwa na mshenga. Nimewaendea watu wanne. Wawili walicheka, mmoja alinipa chai, wa nne alisema atakuja na hajaja. Basi mshenga ni mie mwenyewe, nimeiacha kibarazani kwako nikaondoka haraka.

Kwa kuwa wewe ndiye walii, ni haki yako kumjua mposaji. Mposaji ni mwongo, ila anapungua. Mwaka jana alifunga begi mara tatu kabla ya Ramadhani. Mara mbili alifika mpaka kituo cha mabasi, akakaa kwenye benchi, basi likaondoka, akarudi kibandani akasema limejaa. Halikujaa.

Kisha ikaja barua ya kadhi. Hapa, shemeji, sijui nikuelezeje. Nilipokuwa mume niliona nina haki ya kuchelewa. Siku nilipoambiwa sina haki yoyote ndipo miguu ilipopata akili. Nilipofika mpakani ofisa alitazama karatasi zangu, akanigongea muhuri kwamba nisirudi Sauzi miaka mitano. Nikamshukuru. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia, baba, nimeelewa kuliko wewe.

Nimefika tangu Desemba. Nalala kwa dada yangu, nafundisha wanawake kuosha unga wa makumbi kwa maji ya mvua, nao wananifundisha mie kwamba nakamua vibaya. Tumu nimemwona njiani mara tano. Mara zote aliitika salamu. Mara ya tatu alisimama kidogo. Hakutazama nyuma yangu kumtafuta mtu. Alinitazama mie.

Nasikia Duni kaleta posa yake mwezi uliopita. Ni mtu mwema, na yupo. Katika hilo la kuwepo amenishinda miaka ishirini na mbili, siwezi kubishana naye.

Bahasha ya posa hutiwa na kitu. Hii imetiwa barua tu.

Wenu anayetaraji jibu,
Shehe bin Makame


Jambiani
23 Februari 2019

Shehe,

Posa hujibiwa na walii. Twalib kanipa niijibu mie, kasema haelewi kama ni posa au ni mashitaka ya mtu kujishitaki.

Duni nimemkatalia, wiki iliyopita, kabla ya barua yako. Usijisifu. Nimemkatalia kwa sababu kukaa peke yangu nimejifunza vizuri, na sitaki kuacha kukaa hivyo kwa kuwa mtu kaniuliza tu.

Wewe sikukatalii. Wala sikukubalii. Jibu lako utalingoja. Utaniuliza mpaka lini. Nami sikuambiwa mpaka lini.

Lakini barua usiniandikie tena. Kutoka kwa dada yako mpaka kwangu ni hatua sitini, nimezihesabu. Nimekusoma vya kutosha, Shehe, kwenye karatasi unapanga maneno yako. Uje alasiri, ukae nje, nitakuwa nasokota kamba. Nataka nikusikie pale unapokosa la kusema.

Tumu